Picha Haikuonyesha Kitu

Daktari wa mazoezi ya viungo alipomwambia msusi kwamba shingo yake haina kitu, aliyeinuka kwanza alikuwa mumewe. Alisimama kofia mkononi, akasema, "Haya, ahsante daktari, tumesikia," na daktari hata nusu ya maneno yake hajaimaliza. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini na viatu vya raba, na ile picha ya eksirei bado alikuwa ameiinua mbele ya dirisha.

"Kaa kwanza, bwana. Sijasema haumwi. Nimesema pingili za shingo ni nzima. Hazina ufa, hazijasagika, hazijabana mshipa."

"Ndiyo hivyo hivyo."

"Sivyo hivyo."

Simu ya mume ikaita. Yeye ni fundi friji, na fundi friji akiitwa hachelewi, maana huko anakoitwa nyama ya mtu inaoza. Akatoka nayo ukumbini, akaegemea ukuta, akaanza kumweleza mteja habari za gesi na kompresa. Hakurudi tena ndani. Nusu aliyoisikia ndiyo aliyokwenda nayo nyumbani.

Msusi alibaki kitini, kola ya sponji imemkaba kidevu. Alikuwa ameivaa miaka mitatu. Mtaani walishamwita Twiga, kwanza pembeni, kisha waziwazi, mwisho hata yeye mwenyewe akawa anaitika.

"Kwa hiyo nimerukwa na akili," alisema.

"Hapana, mama. Siku ile uliyomsuka bibi harusi kutwa nzima bila kunyanyuka uliumia kweli. Msuli ukauma, na baada ya wiki kadhaa ukapona. Ila ubongo wako haukupata habari. Umewahi kufuga mbwa?"

"Kwetu tulikuwa naye."

"Mbwa wa nyumba iliyoingiliwa na mwizi, mwizi keshakwenda zake, yeye bado anabweka. Anambwekea jirani, anambwekea hata mwenye nyumba. Kubweka kwake si maigizo. Lakini mwizi hayupo. Sasa huyo ukimpiga, anazidi. Ukimfungia, anazidi. Hiyo kola ndiyo kumfungia."

Akampa maagizo. Avue kola mara mbili kwa siku, ageuze kichwa polepole mpaka pale kinapofika, avute pumzi ndefu, macho yake yakiwa kwenye kitu anachokipenda, na aiambie shingo kwamba hapa hakuna hatari. Akizoea hilo aanze kidogo kidogo na yale anayoyaogopa. Tena awe na daftari. Maumivu yakipanda aandike si alichokibeba tu, bali aliyekuwepo, lililosemwa, na alichokihofia wakati ule.

"Na yakiuma sana?"

"Yataondoka. Usishindane nayo wala usiyakimbie. Angalia tu yanapanda wapi na yanashuka lini."

Msusi alishika njia kurudi nyumbani akiwa na furaha ambayo hakuwa ameionja siku nyingi. Atapona! Mumewe alikuwa ametangulia hatua tatu mbele, mikono mfukoni.

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Kwa miaka mitatu hakuna aliyemwita msusi akiwa nyuma yake. Ukitaka kusema naye unazunguka, unakuja mbele, unasimama pale anapokuona bila kugeuka, ndipo unafungua mdomo. Mama mkwe alizunguka, pamoja na magoti yake mabovu. Mume alizunguka. Binti yao wa miaka mitano alizunguka mbio mbio akidhani kila mama duniani ndivyo anavyoitwa. Mgeni akifika alifundishwa mlangoni kabla hajavua viatu.

Aliyeanzisha desturi hiyo ni wifi, mdogo wake mume. Alikuja kumshika mkono mke wa kaka yake kwa wiki mbili, akiwa na begi moja na barua ya kupokelewa chuo cha uuguzi. Wiki mbili zikazaa miezi. Chuo kilimsubiri mwaka mmoja. Wa pili kikalifuta jina lake. Yeye ndiye aliyechota maji, aliyefua, aliyepika, aliyembeba mtoto mgongoni mpaka mtoto akawa mzito. Ndiye aliyemwosha msusi nywele kila Jumamosi, taratibu, kama ayabebaye mayai. Habari za ile barua hakuna aliyezitaja, na kutotajwa kwake kulikaa mle ndani kama mtu wa sita.

Jioni ile mume alizungumza sebuleni. Msusi alikuwa chumbani akibadili nguo, na kuta za nyumba zile si kuta za kuficha neno.

"Majibu yametoka. Hana kitu."

"Hana kitu vipi?" Mama mkwe aliuliza.

"Hana kitu, mama. Mifupa mizima kabisa. Daktari kasema ni mambo ya kichwani tu."

"Kichwani!" Mama mkwe alicheka kicheko kikavu. "Mimi mwenzenu mawazo ninayo tangu baba yenu hajafa, mbona ndoo nanyanyua?"

Wifi alikuwa uani akisugua sufuria. Sauti ya kusugua ilikatika. Haikuendelea tena jioni ile. Sufuria ililala na masizi yake.

Msusi alitoka chumbani ili aeleze. Alikuwa ameyapanga maneno yote, mbwa na mwizi na nini. Hajafika katikati ya sebule akasikia nyuma yake, kwa nguvu:

"Wifi!"

Alisimama.

"Wifi, nakuita."

"Nimekusikia, mdogo wangu."

"Kama umenisikia, geuka basi."

Hakugeuka. Hakuweza. Shingo ilikuwa imekakamaa kuanzia begani mpaka nyuma ya sikio, maumivu yanapanda kwa kasi. Na wale watatu walitazama mgongo wake, kila mmoja akiwaza lake, na hakuna hata mmoja aliyezunguka.

Basi, kuanzia hapo mambo yakageuka. Ndoo ya maji iliyokuwa ikifika mpaka bafuni sasa ilifika mlangoni, ikaachwa hapo. Nguo za mtoto zilirundikwa kwenye beseni na beseni likawekwa chini, kwenye njia yake, apende asipende alione. Hakuna aliyemtukana. Laiti wangemtukana angalau angejibu!

Mama mkwe, yeye akajipa kazi ya upelelezi. Asubuhi moja msusi akiwa dirishani amesimama, bibi yule alinyata na mfuniko wa sufuria, akauachia sakafuni nyuma yake. Ulilia nyumba nzima. Msusi aligeuka na kichwa chake chote.

"Mmeona!" Mama mkwe alipiga makofi. "Mmeona wenyewe! Kichwa hicho hapo kimezunguka kama feni!"

"Mama, nimeshtuka."

"Umeshtuka, ndiyo. Ukasahau kuumwa."

Wifi alikuwa mlangoni na ufagio, mume alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini, akachukua begi lake la spana, akatoka bila kuaga. Baada ya saa mbili maumivu yalikuja, yakatoka begani yakaingia nyuma ya jicho, msusi akalala sakafuni kwenye ubaridi akitafuta pumzi. Wakati wa kugeuka mashahidi walikuwa watatu. Wakati huu hakuwepo hata mmoja.

Aliandika kwenye daftari. Aliandika kila siku, mwandiko wa mtu aliyeacha shule mapema, na baada ya wiki tatu alirudi kwa daktari peke yake. Daktari alifungua kurasa moja moja.

"Jumatatu zote huumwi."

"Jumatatu mama mkwe anakwenda kwa dada yake."

"Na hapa? 'Mume wangu amekohoa kabla ya kusema.'"

"Akikohoa hivyo ujue anakuja na neno."

"Na hili?" Daktari aliweka kidole. "'Mtoto ameanguka, amelia, amemwita shangazi.'"

Msusi alianza kulia. Alilia vibaya, kamasi na yote, kola ikalowa. Alisema ana hasira na mama mkwe, ana hasira na mumewe, lakini kwa wifi yake hasira haipo. Kwa wifi yake anaona aibu. Msichana wa watu ameupoteza ujana wake kwa shingo ambayo, kumbe, ilishapona zamani.

"Mweleze," daktari alisema.

"Nimweleze nini? Daktari, nisipopona ninaonekana najifanya. Na nikipona ndiyo nimejishtaki kabisa. Watasema, unaona, hakuna dawa iliyotumika, hakuna sindano, amevuta pumzi tu akapona. Ugonjwa gani huo wa kupona kwa pumzi?"

Daktari wa mazoezi alifunga daftari, akalirudisha mezani. Alikuwa mtu mkweli. "Hilo sina zoezi lake, mama," alisema.

Pamoja na hayo alifanya mazoezi. Alijikaza. Alijifungia chumbani mchana mume akiwa kazini, akavua kola, akakaa kwenye ukingo wa kitanda na kugeuza kichwa kuelekea kwenye kioo chenye picha ya binti yake imechomekwa pembeni. Alivuta pumzi. Hapa hakuna hatari, hapa hakuna hatari. Mara za kwanza alijiona mjinga, mtu mzima anazungumza na shingo. Wiki ya pili picha aliiona yote bila kuzungusha mabega. Wiki ya nne aliweza kutazama bega lake mwenyewe, akaona alama ya chanjo aliyokuwa ameisahau, akacheka peke yake.

Akafunga nyuzi nyeusi za kusukia kwenye nondo za dirisha la chumbani na kuanza kusuka. Hilo ndilo aliloliogopa kuliko yote, kuinamisha kichwa na vidole vikifanya kazi. Dakika tano, kumi, robo saa. Maumivu yalikuja kama kawaida yake. Yalipanda, yakakaa, naye hakuyakimbia, alihesabu nywele zisizo nywele na kuyasikiliza, na siku moja yakashuka yenyewe vidole vikiwa bado vinakwenda. Siku hiyo alisimama katikati ya chumba ameshika uzi, machozi yanamtoka, hajui amwambie nani.

Hakumwambia mtu. Alivaa kola yake, akatoka sebuleni akitembea kama kijiti.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo angelifanya mtu wa nyumba ile tu. Miaka mitatu alikuwa akiumwa kweli na hakuna siku aliyoongeza chumvi. Sasa, baada ya kuitwa mwongo, ndipo alipoanza kudanganya. Aligeuza mwili mzima akiitwa, na shingo haimuumi. Aliguna akiinama. Alimwomba binti yake amwokotee kitana, huku anajua angeweza kukiokota mwenyewe. Alijiambia ni kwa siku chache tu, mpaka apate namna ya kusema. Siku chache zikawa wiki tatu.

Wifi aliingia bila kubisha. Alikuja kuchukua shuka za kufua, na mlango haukuwa umefungwa vizuri.

Aliona kola kitandani. Aliona nondo za dirisha zina misuko kumi na miwili, myembamba, sawasawa, ya mkono uliokolea kazi. Alimwona mke wa kaka yake ameinamisha kichwa mpaka kidevu kinagusa kifua, anaimba chini chini.

"Kumbe," alisema.

Hakupiga kelele. Aliziokota shuka, akatoka nazo, akaziloweka. Alipomaliza kuzifua na kuzianika, ndipo akamwendea mama yake.

Kikao kilikaa saa kumi jioni. Mama mkwe alikalia kiti kikubwa, mume alikaa kwenye mkono wa kochi, wifi alisimama mlangoni na mikono bado imekunjamana kwa maji ya sabuni. Msusi alikuja bila kola. Aliona hakuna tena maana ya kuivaa.

"Mimi sina maneno mengi," mama mkwe alianza, na alipoanza hivyo kila mtu alijua ni marefu. "Mkwe wangu, wewe nilikupokea kama mwanangu. Nimezunguka kiti chako miaka mitatu na magoti haya. Sitaki kukufukuza. Ninataka neno moja tu. Sema ulituigizia. Sema ulichoka kazi, ulitaka kupumzika, sisi ni binadamu, tutasamehe. Yaishe."

"Sikuigiza, mama."

"Na hizo nyuzi dirishani zimesukwa na jini?"

"Nimezisuka mimi. Hizi wiki tatu nimewadanganya, nakubali, niliogopa. Lakini miaka mitatu sikudanganya."

"Eeh! Si amekiri huyu?" Mama mkwe aliwageukia wenzake. "Amesema amedanganya."

"Wiki tatu, mama."

"Mwongo ana wiki?"

Mume alikohoa. Msusi aliyasikia maumivu yakianza begani, akajua yametoka wapi, akavuta pumzi.

"Mke wangu," mume alisema, na sauti yake ilikuwa ya kuomba, "sema tu. Ni neno. Nyumba itatulia. Mimi mwenyewe nilikuwepo kwa daktari, nilisikia kwa masikio yangu."

"Ulikuwepo nusu."

"Nusu gani?"

"Nusu. Ulitoka na simu. Nusu ya pili alisema ninaumwa kweli. Alisema na kupona nitapona. Ungekaa dakika kumi, baba. Dakika kumi tu."

Mume alitazama sakafu. Mkono wa msusi ulikuwa umepanda wenyewe mpaka shingoni.

"Haya, ameanza," mama mkwe alisema. "Mkono huo, tazameni."

Msusi aliushusha mkono wake, akauweka pajani. Maumivu yalikuwa makubwa kuliko ya wiki zote zile, na hakuyaonyesha. Sasa hata alichokuwa nacho hakuweza kukionyesha. Alikaa wima akiyasikiliza mpaka yalipopungua, na katika muda wote huo mama mkwe alikuwa anasema na yeye hakusikia hata neno. Alipoulizwa tena, alijibu, "Siwezi kukiri ambalo sikulifanya." Kikao kikavunjika hivyo, pasipo kuafikiana.

Wifi aliondoka mlangoni pale, akaenda kuanua shuka.

Lake alilisema siku ya tatu yake, Jumapili asubuhi. Alikuwa amepata kazi ya kuuza duka la vifaa vya shule katika mji mwingine, kwa rafiki wa rafiki. Begi lilikuwa tayari sebuleni, lile lile moja. Alimwendea msusi ukumbini akiwa na kigoda, kitana na pakiti nne za nyuzi. Nywele alishaziosha na kuzichambua.

"Nisuke," alisema. "Siwezi kwenda kwa watu kichwa kiko hivi."

"Unataka misuko gani?"

"Myembamba. Ya kudumu."

Myembamba ni kazi ya saa tano, sita. Wifi alilijua hilo. Aliweka kigoda kati ya magoti ya msusi, akaketi, akampa kisogo.

Msusi aligawa nywele kwa kitana, njia iliyonyooka kutoka paji la uso hadi kisogoni, akaanza. Vidole havikuwa vimesahau. Vilianza taratibu, vikaongeza mwendo, na baada ya saa moja vilikuwa vinakwenda kama zamani, zile siku wateja walipokuwa wakipanga foleni nje kwa ajili yake. Alijua kila msuko ulikuwa unamhukumu, na bado alisuka vizuri, kwa sababu hakujua kusuka vibaya. Mama mkwe alipita mara mbili akivitazama vile vidole. Mtoto alikuja akalala kifudifudi mapajani mwa shangazi yake, akagoma kuondoka.

"Shangazi, utarudi kesho?"

"Kesho hapana."

"Keshokutwa?"

"Nyamaza nisukwe."

Jua lilihama kutoka mlango wa ukumbi likafika kwenye ukuta wa pili. Mtoto alisinzia. Walifika upande wa kushoto, nyuma ya sikio, ilipobaki misuko michache.

"Wifi," msichana alisema. Alikuwa anatazama mbele, uani, ambako kamba ya kuanikia ilikuwa tupu. "Niulize kitu?"

"Uliza."

"Sitaki ya daktari. Sitaki ya mbwa, kaka amenieleza, kumbe ulimweleza. Nataka wewe na mimi. Uliumwa kweli?"

"Niliumwa, mdogo wangu. Wallahi niliumwa. Kuna siku nilitamani kufa."

"Na sasa huumwi."

"Nimepona."

"Kwa kupumua."

"Kwa kupumua, na kuacha kuogopa. Sijui nikuelezeje. Ningejua mapema, siku ile ile uliyoteremka na begi lako ningekugeuza urudi. Ungekuwa nesi sasa hivi. Hilo linaniuma kuliko shingo ilivyowahi kuniuma, na sina pa kulipeleka. Nisamehe."

Msuko mmoja ukaisha, ukaanza mwingine. Wifi alipanguza pua kwa kiganja, polepole, asimwamshe mtoto.

"Nakuamini," alisema hatimaye. "Ila kama uliumwa kweli, heri ungeendelea kuumwa, wifi. Angalau ningejua nilikaa hapa kwa ajili ya kitu."

Msusi aliinamisha kichwa, akaushika msuko wa mwisho, akausuka hadi nchani, akaufunga fundo. Kwa mara ya kwanza alitamani shingo yake imuume, hata kidogo tu, mbele ya wifi yake huyu. Ilikuwa imeinama tangu asubuhi na haikumuuma.